Saa 200, mtandaoni au wikiendi za Makambako: usomee wapi ualimu wa yoga ya upole?

Muuguzi wa Mbeya, mwalimu wa sekondari Iringa na binti anayefundisha aerobiki Njombe wanaweza kuuliza swali moja, "nisomee wapi ualimu wa yoga ya upole?", na kila mmoja akastahili jibu lake. Yoga inayozungumzwa hapa ni ile inayofundishwa kwa kuzingatia kiwewe, yaani jeraha la ndani linalobaki baada ya tukio baya. Aliyekaa mbele yako huenda alipigwa miaka kumi, alibakwa, alinusurika ajali ya basi Kitonga au amezika watoto wawili. Wewe hujui, na huna ruhusa ya kumhoji. Kazi yako ni kuendesha kipindi cha mazoezi bila kumrudisha kule alikotoka.

Kutoka huku kwetu Nyanda za Juu Kusini njia zinazofikika ni tatu. Kuna kozi ya bweni ya saa 200, ya kusafiri na kukaa huko. Kuna kozi ya mtandaoni, fupi au ndefu. Na kuna njia ya watu wanane hadi kumi na wawili kuchanga, kumwita mkufunzi na kusoma kwa wikiendi. Kwa hiyo ya tatu mahali panapoingia akilini ni Makambako: wa Mbeya na wa Iringa wanakutana karibu katikati ya safari, wa Njombe anatoka kilomita 60 tu, na wa Songea anafika kwa barabara hiyohiyo ya Njombe.

| | Bweni, saa 200 | Mtandaoni | Wikiendi za kundi |
|---|---|---|---|
| Muda | wiki 3 hadi 4 mfululizo | siku chache hadi mwaka na zaidi | karibu miezi 3 |
| Gharama inayouma | nauli na mwezi bila kipato | bando na usingizi | kumsafirisha na kumlaza mkufunzi |
| Unaofanya nao mazoezi ya kufundisha | wanafunzi wenzako | skrini ya simu | watu wa mtaani kwako |
| Lugha | mara nyingi Kiingereza | mara nyingi Kiingereza | Kiswahili |
| Kinachopungua | kiwewe kwa kina | msimamizi ndani ya chumba | cheti kinachojulikana nje |

Jedwali linasaidia kuanza tu, kwa sababu safu moja ndani yake ina uzito kuliko nyingine zote pamoja: utajifunza kwa kufundisha nani, na nani atakuwa amekaa pembeni akikutazama.

Saa 200 zina nini ndani

Namba 200 inatokana na viwango vya Yoga Alliance ya Marekani. Hiyo ni orodha ya kujisajili kwa hiari. Si serikali, wala si baraza la kitaaluma kama la wauguzi au madaktari. Kwa viwango vyake, saa 75 ni za mbinu na mazoezi yenyewe, 30 za maumbile na utendaji wa mwili, 30 za historia, falsafa na maadili, 50 za ualimu wenyewe, na zinazobaki chuo kinapanga kinavyoona. Ukizitazama hizo namba utaona kiwewe hakina fungu lake. Chuo kizuri kitakipa siku mbili. Kingine kitakipa mhadhara wa mchana mmoja, baada ya chakula, watu wakisinzia.

Nguvu ya bweni ni mwili. Ukigawa saa 200 kwa siku 25 unapata saa nane kila siku, na hakuna njia nyingine inayokuzoesha viungo, mpangilio wa mikao na sauti yako kwa kasi hiyo. Nairobi kuna Africa Yoga Project, iliyoanza mwaka 2007 na kuwapa ualimu vijana wengi. Rishikesh, India, shule zimejaa mtaa hadi mtaa.

Udhaifu wake uko palepale penye nguvu. Wanafunzi wenzako ni watu wenye afya waliolipa kuwepo hapo. Wanafuata kila unachosema. Unarudi Mwanjelwa, Mbeya, ukiwa hujawahi kumfundisha mama wa miaka 58 mwenye goti bovu ambaye hataki kuupa mlango mgongo. Tena vyuo vingi bado vinafundisha kumshika mwanafunzi ili kumnyoosha. Kwa kazi hii ni afadhali usijifunze kabisa, maana mkono uliozoea kushika huenda wenyewe hata kichwa kikikataza.

Na kuna jambo ambalo watangazaji wa kozi hawaligusi: wengi wanaovutwa na ualimu wa aina hii wana vidonda vyao. Saa nane kwa siku, mbali na nyumbani, bila mtu wa kuongea naye usiku, huvifumua. Kama unajijua, uliza kabla kama chuo kina mshauri, na kama unaruhusiwa kukaa nje ya kipindi bila kupoteza cheti.

Mtandaoni: kwenye kiwewe wako mbele, kwenye usimamizi wako nyuma

Hapa ndipo mafunzo ya kina ya kiwewe yalipo. Yanayojulikana zaidi ni ya Trauma Center Trauma-Sensitive Yoga, kwa kifupi TCTSY, yaliyotokana na kazi ya David Emerson na daktari wa akili Bessel van der Kolk huko Massachusetts. Wana mafunzo ya msingi ya saa 20 na cheti cha saa 300. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2014 ulihusu wanawake 64 wenye kiwewe sugu kilichokuwa hakijatibika. Baada ya wiki 10 za kipindi cha saa moja kwa wiki, asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo, dhidi ya asilimia 21 ya waliohudhuria masomo ya afya ya wanawake. Mara nyingi namba hizo hutajwa bila kusema kwamba yoga ilipimwa kama nyongeza ya matibabu. Haikuwa mbadala wake.

Sasa upande wa huku. Video ya moja kwa moja hula karibu GB 1 kwa saa, hivyo kozi yenye saa 60 za namna hiyo ni GB 60, na umeme ukikatika unahitaji simu ya pili au betri ya akiba. Saa nazo zina shida. Kipindi cha saa kumi na mbili jioni huko Boston kinaangukia saa saba usiku Mbeya, na wakirudisha saa zao nyuma Novemba kinakuwa saa nane usiku. Kipindi cha alfajiri cha India, saa kumi na mbili ya kwao, kwetu ni saa tisa na nusu usiku. Mtu anayeamka kwenda zamu hawezi hilo kwa miezi mitatu. Kuna vipindi vilivyorekodiwa, kweli, lakini rekodi haikusahihishi.

Na hapo ndipo pengo lilipo. Kamera ya simu iliyoegemezwa kwenye ndoo inaonyesha mwili mmoja. Msimamizi haoni kwamba umesimama kati ya washiriki na mlango, wala haoni aliyekaa pembeni ameacha kupepesa macho. Zaidi ya yote, hajui Kiswahili, kwa hiyo hawezi kusikia unachokosea.

Kosa kubwa liko mdomoni

Tukae hapa kidogo, maana ndiyo sababu ya kuandika ulinganisho huu. Msingi wa yoga ya kuzingatia kiwewe ni kumrudishia mtu uamuzi juu ya mwili wake, na Kiswahili cha darasani kimejengwa kwa amri. Tumekulia "simama", "kaa", "mikono juu", mchakamchaka na paredi. Anayesoma kwa Kiingereza anahitimu na kauli nzuri za mwaliko, kisha siku ya kwanza akirudi Uyole, Mbeya, anasema "inueni mikono, haya, vizuri, tulieni hapohapo", na mafunzo yote yamemwagika.

Chukua jambo dogo la kuinua mkono wa kulia. "Inua mkono" ni amri, kila mtu analiona hilo. "Uinue mkono" ni amri ileile iliyovaa adabu. "Naomba uinue mkono" inaonekana ya upole, na ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ombi la mwalimu mbele za watu halikataliwi. "Inua ukiweza" inageuka mtihani: asiyeinua ameshindwa. Kauli inayofanya kazi ina milango miwili iliyo sawa: "Ukipenda, mkono wa kulia unaweza kupanda. Au ubaki pajani." Kisha mwalimu anyamaze kwa sekunde tano hivi. Na mara mojamoja yeye mwenyewe achague kubaki na mkono pajani, ili waone kwamba mlango wa pili si wa wavivu. Milango iwe miwili. Ukitoa mitano mtu anaganda, maana kuchagua nako ni kazi kwa aliyezoea kuamuliwa.

Yapo pia maneno yenye historia. "Tulia!" ndilo neno la polisi, la mchoma sindano na la aliyemshika mtu kwa nguvu. "Usiogope" nalo, wengi walilisikia kwa mara ya kwanza mdomoni mwa aliyewaumiza. "Legeza mwili" na "lala chali" yanafanana mno na yale yaliyosemwa wakati mbaya. "Jikaze" na "vumilia" yanamfundisha mtu kuendelea kuupuuza mwili wake. Badala ya "lala chali, fumba macho", sema: "Sasa ni dakika tatu za kupumzika. Unaweza kubaki kwenye kiti, au kulala kwa ubavu. Macho yanaweza kubaki wazi, labda yakatazama sehemu moja ya sakafu." Wiki za kwanza ziwe dakika tatu kweli, si kumi. Ukimya mrefu humpa mtu nafasi ya kuzama.

Mfano mwingine, wa mlangoni. Mshiriki ni mtu mzima, mwalimu ni kijana.

"Shikamoo mama, karibu sana."

"Marahaba mwanangu. Nikae wapi?"

Mwanafunzi wa ualimu hapa hunyoosha kidole: "Kaa pale mbele, mama." Jibu tunalotaka alizoee ni hili: "Viti vipo vya karibu na mlango na vya dirishani, mama, popote utakapoona panakufaa. Mimi nitakuwa hapa mbele muda wote, sitapita nyuma yako." Heshima imebaki, uamuzi umekwenda kwake. Na asiite watu wazima "mpenzi" au "mrembo" kwa kudhani huo ndio upole.

Zoezi la kurekebisha mdomo linahitaji watu wanne na dakika saba. Mmoja anafundisha. Wa pili anafanya mazoezi, na amepewa siri ya kukataa mambo mawili. Wa tatu ana karatasi yenye safu mbili, amri na mwaliko, anapiga mstari kila anaposikia. Wa nne hatazami mwalimu, anatazama miguu na mikono ya mshiriki. Simu inarekodi sauti tu. Baadaye mwalimu anasikiliza sauti yake kabla hajaambiwa lolote. Zoezi hili rahisi huwezi kulifanya ipasavyo kwenye video, na bweni la Kiingereza halilifanyi kwa Kiswahili. Wikiendi za Makambako zinaliweza, mara nne kwa siku.

Wikiendi za kundi zinavyopangwa, na zinavyoharibika

Mpango unaobebeka ni wikiendi sita. Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ukitoa saa moja ya chakula, ni saa nane. Jumapili saa nne hadi saa nane mchana, baada ya ibada ya kwanza na kabla ya mabasi kuisha, ni saa nne. Zote ni saa 72. Kati ya wikiendi kila mmoja aendeshe vipindi vya dakika 45 mtaani kwake, visivyopungua ishirini hadi mwisho wa kozi, na angalau vinne vitazamwe na mkufunzi au mwenzake mwenye uzoefu.

Wakufunzi wawe wawili. Wa yoga anajua viungo na mikao. Wa pili awe mtu wa afya ya akili: mwanasaikolojia, muuguzi wa akili au ofisa ustawi wa jamii mwenye uzoefu wa ushauri. Makundi mengi huharibika hapa. Hupatikana mkufunzi mmoja mchangamfu, anayejua yoga, na siku mshiriki anapoanza kulia kila mtu anamzunguka, anashikwa, anaombewa, anaulizwa kulikoni. Kinachotakiwa ni kinyume chake. Mwalimu anaendelea na kipindi kwa sauti ileile na kurudisha wote kwenye jambo la nje, kama miguu inavyogusa sakafu au sauti ya gari barabarani. Msaidizi anasogea kwa mbele, si kwa nyuma, na kuuliza kwa sauti ya chini: "Ungependa kubaki au kutoka nje kidogo? Vyote sawa." Basi.

Uharibifu wa pili ni ushuhuda. Watu wa huku tumezoea kusimama na kueleza tulikotolewa, na kipindi cha yoga kinateleza kwenda huko kwa urahisi sana. Sheria isemwe siku ya kwanza: hapa hatusimuliani. Akitaka kuongea, anaelekezwa kwa mtu wa kazi hiyo. Mkononi mwa mwalimu iwepo karatasi ya rufaa yenye majina na namba alizozipiga mwenyewe kuhakikisha zinapokelewa: ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya karibu, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na 116 kwa habari za watoto. Cheti cha yoga, hata cha saa 500, hakimfanyi mtu mshauri wala tabibu.

Chumba kina mambo yake. Njombe na Makambako mwezi wa Juni na Julai saruji inauma. Magodoro laini ya mazoezi ya milimita 10 ni mazuri kulalia lakini mguu huyumba ukisimama, kwa hiyo ya milimita 6 na blanketi juu wakati wa kupumzika yanatosha. Mkeka wa ukindu huteleza kwenye vigae, usitumike kwa kusimama. Kiti cha plastiki cheupe kinapanua miguu mtu akijigeuza, kiegemeze ukutani. Benchi zito la shule ni imara zaidi. Kila mshiriki awe na kitenge chake cha kujifunika miguu. Mikanda ya kufungia miguu au mikono iachwe kabisa, inakumbusha kufungwa. Mlango usifungwe kwa ufunguo, taa zisizimwe.

Pumzi nayo isichezewe. Kupumua kwa kasi au kubana pumzi huleta kizunguzungu na moyo kwenda mbio, na kwa mwenye kiwewe hali hiyo ni sawa na hofu yenyewe. Pumzi ya kawaida, labda kutoa nje kurefuke kidogo kwa anayependa, inatosha kwa miezi yote ya mwanzo.

Mchungaji au shehe akiuliza, jibu kweli: yoga ilitoka India na ina mizizi kwenye dini za huko, na katika kipindi hiki hakuna nyimbo, mantra wala salamu za ibada. Kuiita "mazoezi ya viungo na pumzi" si kosa. Kuficha unapoulizwa ndilo kosa, kwa sababu mtu hawezi kukubali asichokijua.

Nani achukue ipi

Muuguzi, ofisa ustawi au mwalimu wa shule anayetaka vipindi vya dakika 20 kwenye kiti asilipie saa 200. Zile saa 20 za mtandaoni pamoja na wikiendi za kundi zinamtosha, na abaki kwenye kiti na kusimama tu.

Anayefundisha yoga au aerobiki tayari ana mwili na sauti. Kinachomfaa ni mafunzo ya kiwewe, na ajiandae kufumua mazoea: kuhesabu kwa sauti, kupiga makofi, kupita katikati ya watu. Huyu huchukua muda mrefu kubadilika kuliko asiyejua kitu, na si kwa kukosa akili.

Anayeanza sifuri na anataka iwe kazi yake ya maisha, pengine hotelini au nje ya nchi, aende bweni kwanza, akae mwaka akifundisha watu wa kawaida, ndipo aongeze kiwewe. Kuanza na wikiendi tu kutamwacha bila maarifa ya goti, mgongo na shinikizo la damu.

Kituo kinachohifadhi wanawake au watoto kisimpeleke mtu mmoja mbali. Akiacha kazi, kozi imeondoka naye. Kifundishe wanne kwa wikiendi.

Kabla ya kulipa, popote, uliza kwa maandishi: nitafundisha watu halisi mara ngapi nikitazamwa, nani anajibu kuhusu afya ya akili na ana sifa gani, mnafundisha kushika washiriki au hapana, saa ngapi ni za moja kwa moja, na nikishindwa kuendelea katikati, ada inarudi kiasi gani. Chuo kikijibu swali la kwanza kwa kukuonyesha picha za mahafali, hujajibiwa.

Kwa kundi la wikiendi, anzeni mwisho wa Julai au mapema Agosti, baridi ikiwa inaishia, kila wiki mbili. Wikiendi sita zinaisha kabla ya Novemba. Mvua zikishaanza, kinamama mnaotaka kuwafundisha wako shambani, na vile vipindi ishirini havitapata watu.